Kidole Kisichofanya Kazi cha Shomari Kashindye

Simu ya Shomari Kashindye ilizama kwenye pipa la chokaa Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, ikiwa inaita. Mwenyewe alikuwa ameinama kugeuza ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa kwa siku ya sita. Simu ikateleza kutoka mfuko wa shati, ikaita mara mbili zaidi ndani ya pipa, ikanyamaza. Shomari alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa, akaipangusa kwa kanga iliyokuwa kambani. Haikuwaka. Mkewe, Zamda, alipofika aliitazama kanga kwanza, simu baadaye.

Shomari ana miaka sitini na mmoja. Anawamba ngoma Ng'ambo, Tabora, katika banda la mabati lililobanana na kinyozi upande mmoja na fundi baiskeli upande wa pili. Kazi hiyo aliifundishwa na mjomba wake miaka thelathini na minne iliyopita, na hajawahi kufanya nyingine. Wateja wake ni vikundi vya harusi vya mjini, kwaya za vigango vya kando ya reli mpaka Tura, na wacheza ngoma wanaotoka Ziba wakati wa mavuno. Banda halina kibao. Badala yake, kila ngoma inayotoka pale ina namba ya simu ubavuni, imechomwa kwa msumari wa moto. Alianza kuichoma mwaka 2006. Kwa hesabu yake ni ngoma mia nne na kumi na nane, na zote zinasema namba moja.

Kwa hiyo simu mpya haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa namba.

Wakala wa laini aliye karibu ni Shamila, binti wa mtaani, anayekaa chini ya mwavuli mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimwambia Shomari kwamba kurudisha laini ni kazi ya dakika tatu: namba ya kitambulisho cha taifa, kisha kidole kwenye mashine. Shomari aliweka kidole gumba. Mashine ikawasha taa nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu. Walimaliza vidole kumi, wakarudia kutoka upande wa pili kana kwamba mashine ingeweza kudanganyika.

"Mzee Shomari," Shamila alisema, "huna vidole."

"Na hivi ni nini?"

"Hivyo ni vijiti."

Haikuwa matusi. Vidole vya Shomari vilikuwa laini na vinang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Miaka thelathini na minne ya kuvizamisha kwenye chokaa, kukwangua nywele za ngozi kwa kigae cha chupa na kusugua kwa mchanga ilikuwa imefuta kila mstari.

Upo utaratibu wa kujibu maswali kwa watu wasiosomeka vidole, na Shamila akaujaribu. Swali la kwanza lilikuwa shule ya msingi aliyosoma, naye akapata. La pili lilitaka mwaka aliozaliwa mama yake. Shomari alijibu, bila kusita, kwamba ni mwaka wa nzige. Shamila hakuona mahali pa kuwaandika nzige.

"Jisajilie namba nyingine tu, mzee."

"Na ngoma mia nne na kumi na nane nizifuate moja moja nikazifute?"

Shamila akamweleza sharti la kampuni: laini ikikaa siku tisini bila kuamka, namba hupewa mtu mwingine. Shomari alirudi nyumbani akimfikiria huyo mtu mwingine. Alimwona ni mwanamke wa mbali, labda msusi wa Mtwara, anayeamshwa alfajiri na mwalimu wa kwaya wa Tura akiuliza kama ngozi ya mbuzi dume imekauka.

Mtaani habari hazihitaji laini. Kufikia jioni kinyozi Majidi alikuwa amekwisha kuhamishia kiti chake mlangoni pa banda. Majidi ni Mzaramo, ameoa Tabora, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Hilo lina maana kwamba Majidi anaweza kumwambia Shomari lolote na kuchukua chochote chake, naye Shomari akikasirika, ni yeye aliyekosa.

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka pwani, mabega yakaota sugu kama kwato," Majidi alisema. "Wakajisifia hizo sugu, wakazionyesha kwa wachumba. Wewe Mnyamwezi wa leo umebeba nini, hata vidole vimekimbia?"

"Babu zako walikaa pwani wanangoja wenye sugu wafike wawauzie maji," Shomari alijibu.

"Tuliwauzia, na mkanunua. Sasa sikiliza. Mtu asiye na alama za vidole anafaa kazi moja tu, wizi. Tukaibe, mtani. Mimi nishike mlango, wewe ushike kila kitu."

Wengine walileta ushauri. Fundi baiskeli alisema limao. Shemeji yake Shomari alisema wachore mistari kwa wembe, akajitolea kuichora. Zamda alitoa kidole chake mwenyewe, kwa kuwa ndoa ni kitu kimoja, lakini Shamila alisema mashine haijaarifiwa. Siku hamsini na moja zikapita hivyo. Kila Ijumaa Shomari alikwenda chini ya mwavuli, akaweka vidole kumi, akarudi.

Siku ya hamsini na mbili alifika Apolinaria. Huyu ni mkufunzi wa anatomia katika chuo cha afya, na Jumapili hupiga ngoma ya kwaya. Ngoma hiyo ilikuwa imepasuka katikati ya wimbo wa matoleo, na kwa wiki tatu alikuwa akipiga namba iliyochomwa ubavuni bila kupata mtu.

"Shikamoo, mzee Shomari."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Walishikana mikono. Apolinaria hakuuachia mkono wa Shomari. Aliugeuza, akausogeza kwenye mwanga, akaukunja kidogo, kama vile Shomari anavyokagua ngozi ya kununua. Akaelezwa mkasa wote, na Zamda ndiye aliyeeleza, kwa kuwa Shomari alikuwa akiruka sehemu ya kanga.

"Nikatie kipande cha ngozi mbichi," Apolinaria alisema. "Nataka tuone ukingo wake."

Shomari akakata kwa kisu. Apolinaria akavunja njiti ya ufagio, akaonyesha.

"Hii ya juu kabisa, nyembamba, yenye nywele. Unaifanyaje?"

"Nakwangua. Taka hiyo."

"Hii nene ya katikati?"

"Hiyo ndiyo ngozi yenyewe."

"Na hii ya chini, yenye mafuta?"

"Nakwangua pia. Ukiiacha ngoma inalia kama mtu mwenye mafua."

"Basi unatenganisha tishu miaka thelathini na minne bila cheti," Apolinaria alisema. "Ila hapo ulipoita taka ndipo ulipojikwangua."

Hiyo ya juu, alieleza, inaitwa epithelia. Ni seli zilizobanana bega kwa bega kama matofali ya ukuta, bila nafasi katikati. Haina hata mshipa mmoja wa damu, hivyo hula kinachopenya kutoka chini. Seli zake huzaliwa chini, zikisukumwa na wadogo zao hupanda juu, zikifika juu zimekwisha kufa na kukauka, na hapo hupukutika. Ukisugua mahali pamoja kwa nguvu siku nyingi, kama bega la mpagazi, huongeza matofali. Hiyo ndiyo sugu. Ukiila kwa chokaa kila siku, matofali huisha kabla hayajaongezwa. Na si ya nje tu. Kinywa, tumbo, utumbo, koo la hewa, vyote vimetandikwa epithelia ya aina yake: mahali pengine bapa, mahali pengine ndefu kama nguzo, na kwenye koo la hewa ina vinyweleo vinavyofagia vumbi mchana kutwa. Popote mwili unapokutana na kisicho mwili, utaikuta hapo imesimama mlangoni.

Ile nene ya katikati ni tishu unganishi. Huko seli ni chache, zimekaa mbalimbali kama nyumba za shamba, na kati yake kuna nyuzi nyingi zilizosukana na uteute unaozishika. Nyuzi hizo ndizo zinazostahimili kuvutwa. Ngoma inalia kwa sababu yake.

"Na hizi kano ninazofungia?" Shomari aliuliza.

"Tishu unganishi."

"Gegedu la sikio?"

"Tishu unganishi. Na mafuta unayokwangua chini. Na mfupa. Na damu."

Shomari aliweka kisu chini. "Mwalimu, hapo umeniona mshamba. Mfupa na damu ukoo mmoja?"

"Ukoo mmoja. Vyote ni seli zilizotawanyika ndani ya kitu kingine. Kwenye mfupa kitu hicho kimekuwa kigumu, kwenye damu ni maji."

Shomari alifikiri. "Nina ndugu wawili Tura, baba mmoja mama mmoja. Mmoja hajatoka kijijini tangu azaliwe. Mwingine kila siku yuko kwenye treni. Haya, nimeelewa."

"Sasa kidole," Apolinaria alisema. "Alama za kidole ni matuta. Mashine inayaona ya juu, lakini hayakujengwa juu. Yamejengwa kwenye hii nene, na epithelia imetandikwa tu juu yake, kama shuka juu ya matuta ya viazi. Wewe umekula shuka. Matuta yapo."

"Ya ng'ombe nikiikwangua hairudi."

"Ng'ombe wako amekufa, mzee."

Zamda alicheka mpaka akashika mlango. Apolinaria aliendelea kama aliye darasani. Aliuliza kitambulisho kilichukuliwa lini, na mashine ya siku hiyo ilisomaje vidole.

"Mwaka niliovunjika mguu," Shomari alisema.

"Ulilala muda gani?"

"Miezi miwili," Zamda alijibu. "Hakugusa kitu. Alikuwa anaomba uji kwa kengele ya baiskeli."

"Basi hapo shuka liliota upya. Vunjika mguu tena."

Alikuwa anatania, lakini sharti halikuwa mbali na hilo: wiki tano bila chokaa, bila kigae, bila mchanga, bila kupiga ngoma hata moja, na mikono ipakwe mafuta asubuhi na jioni. Zamda alihesabu. Zilibaki siku thelathini na tisa. Wiki tano ni thelathini na tano.

Jioni hiyo alinunua jozi mbili za soksi nyeupe za shule, akamvalisha mumewe mikononi.

Shomari Kashindye, aliyekuwa akisema hadharani kwamba mwanamume hulala mara moja tu na halafu huzikwa, alianza kukaa. Zamda alimlisha ugali, naye akalalamika kwamba matonge ni makubwa. Yakapunguzwa, akalalamika kwamba analishwa kama kifaranga. Msikitini alivua soksi kwa udhu, akazivaa tena mlangoni, na waumini waliomsalimia walijikuta wameshika soksi. Ngoma ya kwaya aliiwamba Zamda kwa glavu za bustani, Shomari akipiga kelele kutoka kwenye kiti: vuta huku, legeza kule, usimkabe. Ilitoka vizuri mno. Shomari aliigonga kwa goti, akasikiliza, akasema ina kasoro ndogo ambayo mtu wa kawaida hawezi kuisikia.

"Na wewe ukirudi kazini uvae glavu," Zamda alisema.

"Glavu haisikii ngozi."

"Namba yako itasikia."

Majidi hakuwa na likizo. Kila asubuhi alikuja kukagua.

"Shikamooni, soksi."

"Nenda kanyoe watu."

"Nyoosha kidole nione mazao. Aa, mtani, wiki ya tatu hii na shamba jeupe! Nyie Wanyamwezi mnajua matuta ya viazi tu, ya vidole yamewashinda."

Lakini wiki ya nne, kwenye mwanga wa mlango, Zamda aliona kitu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mistari ilikuwa hafifu, ikizunguka kama gamba la konokono. Aliita mtaa. Watu kumi na wawili waliinama juu ya kidole kile kwa zamu, na fundi baiskeli alisema kinafanana na cha marehemu baba yake Shomari, jambo ambalo hakuwa na namna ya kulijua.

Jaribu la mwisho lilikuja Jumapili, siku ya thelathini na nne. Kulikuwa na harusi nyumba ya tatu, na ngoma zote tatu zilikuwa za Shomari, namba zikionekana ubavuni. Alialikwa, akaketi mbele na soksi zake. Wapigaji walipokwenda kula, Majidi alisimama, akapachika ngoma kubwa katikati ya magoti, akaanza kupiga.

Majidi hana mapigo. Ananyoa vizuri, lakini ngoma anaipiga kama mtu anayefukuza kuku. Aliharakisha pasipohitajika, akapunguza mwendo wanawake walipotaka kucheza, akaruka pigo la tatu kila mara, na kila alipoliruka alimtazama Shomari.

"Mtani mwenye ngoma, njoo uichukue!" aliita. "Usipoichukua kwa mkono wako, ni yangu!"

Watu walishangilia. Shomari alikalia mikono. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Zamda, aliyekuwa na kina mama, alitikisa kichwa mara moja tu, na mtikiso ule ulikuwa na siku thelathini na nne ndani yake.

Shomari alistahimili wimbo mmoja na nusu. Kisha alisimama, akainamia ngoma, akamsukuma Majidi kwa nyonga, na akalirudisha pigo la tatu mahali pake kwa kiwiko. Kiwiko cha kulia kikafuatwa na cha kushoto. Soksi zilikuwa zimeelekea mbinguni kama masikio ya sungura. Sauti ilikuwa nzito kuliko ya kiganja, lakini ilikuwa na mwendo, na wanawake wakaingia uwanjani. Alipiga mpaka wapigaji wakamaliza pilau. Bibi harusi aliomba kupigwa picha naye, akamwomba asivue soksi.

Jumatatu asubuhi walikwenda kwa Shamila: Shomari, Zamda, na nyuma yao Majidi, aliyefunga duka katikati ya kichwa cha mteja kwa kuogopa kukosa tukio. Alikuwa bado na aproni yake ya kunyolea.

Shomari alivua soksi. Akaweka kidole cha shahada.

Nyekundu.

Shamila alifuta mashine, akajaribu tena. Nyekundu. Zilibaki siku nne, na wiki tano zilikuwa zimekwisha kutumika.

Shamila aliushika mkono, akausugua kwa dole gumba lake. "Mzee, huu mkono umekaangwa? Mafuta matupu! Kaoshe kwanza."

Zamda alikuwa amempaka mara mbili asubuhi hiyo, kwa nia njema.

Hapo Shomari alifanya kile ambacho mwamba ngoma yeyote angefanya. Kwa miaka thelathini na minne, mafuta kwenye ngozi yalikuwa na dawa moja. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi kulikuwa na mfuko wa chokaa uliopasuka, na pembeni yake lundo la mchanga. Hakufikiri. Alipiga hatua mbili, akachota chokaa kwa mkono wa kushoto, akachota mchanga juu yake, na akaleta mkono wa kulia kusugua.

"Baba weee!" Zamda alipiga yowe.

Aliyekuwa karibu ni Majidi. Aliurukia mkono wa kulia, akaukumbatia kifuani kwa mikono yake yote miwili, wakaanguka wote juu ya lundo la mchanga, mkono ukiwa juu, safi, kama mtoto aliyeokolewa mtoni.

"Niachie!"

"Sikuachii! Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wewe unaitupa! Siku thelathini na tano nakuimbia shamba, leo ulichome moto?"

Wakiwa bado chini, Majidi alitoa kwenye aproni kichupa cha spiriti anachopakia watu visogo, akamwaga kwenye pamba, akafuta kidole cha shahada taratibu, kutoka mzizi mpaka ncha. Akapuliza. Kisha akamwinua Shomari na kumwongoza kwenye mashine akiwa ameshika kidole kile kimoja tu, kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko.

Kijani.

Shamila alisema zile dakika tatu zimekwisha. Laini ilirudi kabla watu hawajamaliza kupiga vigelegele, na simu mpya iliita papo hapo. Alikuwa mwalimu wa kwaya wa Tura. Hakusalimia. Aliuliza ni mtu gani anayechoma namba kwenye ngoma za watu halafu anazima simu miezi mitatu.

Shomari alirudi kazini siku hiyo hiyo. Chokaa ipo, kigae kipo, na vidole tisa vimekwisha kurudi kuwa vijiti. Cha kumi, cha shahada cha kulia, hakishiki kitu. Kimevalishwa kipande cha soksi kilichokatwa na kushonwa na Zamda, hupakwa mafuta Ijumaa, na hupishwa mlangoni. Shomari anapokwangua ngozi, vidole vingine vinne vinafanya kazi na kile kimenyooka pembeni, kikitazama.

Majidi ndiye aliyekipa jina. Kila asubuhi anapofungua duka huchungulia bandani, hamsemeshi Shomari, huinamisha kichwa kwa kidole.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Umeamkaje? Kazi hufanyi, lakini bila wewe hakuna saini."

Na Shomari, kwa kuwa ni utani na hawezi kukasirika, hukitikisa kidole mara moja kuitikia.